Mzee asikose safari ya meli kisa tuksedo (jibu kwa dada wa Tabora)

Dada wa Tabora za jioni. Swali lako nimelisoma jana usiku nikalala nalo, leo dukani kumetulia kidogo ndo naandika. Umesema kaka yako wa Ujerumani amewalipia wazazi kruzi ya siku 7 Mediterania kuanzia Barcelona, viza tayari, ndege tayari, sasa maelekezo ya meli yamekuja yanasema kuna siku mbili za mavazi rasmi kwenye chakula cha usiku, mzee akaona neno tuksedo, ile suti nyeusi ya sherehe inayovaliwa na tai ya kipepeo, akafunga mjadala, hana na hanunui, mama aende na shangazi. Na wewe unauliza avae nini au kweli abaki tu.

Asibaki. Nakuomba sana asibaki. Mzee wako namuelewa kabisa manake mtu wa umri ule anachoogopa ni kusimamishwa mlangoni mbele ya mke wake, na hapo juu kwenye majibu watu wamemuandikia mambo ya kumtisha zaidi. Mimi nimekaa kwenye hizo meza usiku saba. Niko Ujiji, dada yangu ni nesi Uingereza, alitukatia mimi na mama yangu meli ya kutoka Southampton kwenda Norway na kurudi na yeye akiwemo, na nakwambia hilo suala la nguo za dinner lilininyima usingizi kuliko hata viza, kwa sababu nilikuwa nampeleka bimkubwa ugenini na sikutaka mtu amuangalie vibaya.

Kwanza mzee aelewe kwamba nguo rasmi hazivaliwi safari nzima. Siku nyingi jioni wanataka tu mtu awe nadhifu, mwanaume suruali ya kitambaa na shati lenye kola, mwanamke gauni au sketi na blauzi, basi. Wasichotaka kwenye ule ukumbi mkubwa wa chakula ni pensi, singlendi, nguo za kuogelea, kapelo na ndala. Huo usiku rasmi kwa safari ya siku 7 unakuta mmoja au miwili, na mara nyingi wanauweka siku ambayo meli inashinda baharini, yaani hamjashuka popote, watu wana mchana mzima wa kujiandaa. Siku mliyoshinda mnazunguka mjini na jua lile la huko hawakulazimishi suti. Na kuna ratiba ya kesho yake, inasema kabisa kesho usiku vazi ni lipi, meli nyingine wanaileta chumbani jioni kwa karatasi, nyingi siku hizi iko kwenye programu ya simu, kwa hiyo mzee hawezi kushtukizwa.

Halafu muulize kaka ni kampuni gani, manake zinatofautiana mno na hapo juu mmezichanganya zote. Cunard, wale wenye Queen Mary 2, ndo wameshikilia desturi ya zamani, usiku wao wa gala mwanaume anavaa tuksedo au suti ya rangi iliyokoza na tai, ila hata wao vazi rasmi la taifa la mtu wanalipokea. Norwegian hawamlazimishi mtu. Viking hawana usiku rasmi kabisa. Kwa hiyo anayekwambia "kruzi zote lazima tuksedo" hajui, na anayekwambia "vaa chochote hamna anayejali" naye hajui vilevile.

Sasa nikwambie mimi nilivyofanya, maana nilitoa hela ambayo mzee wako hana haja ya kuitoa.

Mimi nilikodi. Dada alinipeleka sehemu Southampton siku moja kabla ya safari, nikapimwa, nikapewa tuksedo, shati lake, tai ya kipepeo, viatu vya kung'aa. Usiku wa pili wa safari ndo ulikuwa rasmi wa kwanza. Nimevaa nimekaa mezani, kola inanibana shingo, mikono ya koti inashuka mpaka kwenye vidole, nikawa nakula na mikono nimeinyanyua ili nisilichafue la watu. Nikaanza kuangalia wanaume wenzangu. Meza yetu na mbili za jirani tulikuwa wanaume tisa, wa tuksedo tulikuwa watatu, watano wamevaa suti za kawaida tu nyeusi na bluu nzito, suti ambayo mtu anaendea harusini au kazini, na mmoja alikuwa mzee wa Kiskoti kavaa ile sketi yao ya mirabaraba na soksi ndefu mpaka karibu na goti na koti fupi lenye vifungo vya fedha. Na huyo ndo aliyekuwa amependeza kuliko wote mle ndani, wahudumu wanampisha, watu wanaomba kupiga naye picha. Nikamuangalia sana yule mzee. Nikajiuliza, huyu kavaa cha kwao na kaheshimika namna hii, na mimi kanzu yangu ya Idi iko chumbani kwenye begi, nimeibeba kwa ajili ya swala tu?

Kesho yake nikamfuata msimamizi wa ukumbi, kijana wa Ufilipino, mpole, nikamuuliza bila kuzunguka, usiku rasmi wa pili naweza kuja na vazi la kwetu, na nikamuonyesha picha kwenye simu nimevaa kanzu, koti na kofia. Wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa kofia kwa sababu tangazo lao linakataza kofia mezani. Akaniambia wanachokataza ni kapelo, hiyo yako ni sehemu ya vazi lako, karibu sana. Ndo nikatulia.

Usiku wa sita nikatinga kanzu nyeupe ya darizi, koti jeusi, kofia ya viua aliyonishonea marehemu bibi yangu, viatu vyangu mwenyewe vya ngozi. Nimekula kwa raha, mikono iko huru. Yule mzee wa Kiskoti akaja mpaka mezani kwetu akainama kuiangalia ile kofia, vile vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, akauliza inachukua muda gani kushona, mama akamjibu kwa Kiswahili "miezi baba, miezi", dada akatafsiri, yule mzee akaivua miwani yake akaifuta akaangalia tena. Hiyo ndo picha niliyobaki nayo ya safari nzima, kuliko hata milima ya Norway.

Kwa hiyo mwambie mzee: suti yoyote iliyokoza aliyonayo, ile ya kuozeshea watoto, inatosha kabisa na tai ya kawaida. Kama hana suti na ni mtu wa kanzu, kanzu safi na koti. Au suti ya kitenge au kaunda suti ya mikono mirefu iliyoshonwa na fundi anayejua kazi, ila hizi za kitenge na kaunda kwa meli zenye masharti makali muulize kwanza mhudumu kama nilivyouliza mimi. Kununua tuksedo ya kuvaa siku mbili maishani ni hela ambayo wangeshuka nayo mjini wakanunua zawadi.

Mama naye msimsahau, wanaume tunaongelea suti kurasa tatu kama vile wanawake wana kila kitu. Bimkubwa wangu tulimpeleka kwa fundi wetu pale Mwanga mwezi mmoja kabla. Kitenge cha nta rangi ya zambarau, gauni refu linafika kifundo cha mguu, mikono mirefu, na ndani kaweka bitana ili kisigande mwilini. Yule fundi akafanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru, pande zote mbili za ubavuni aliacha akiba ya kitambaa kama vidole vitatu akaipiga kwa mshono mpana, akasema mama huko anaenda kulishwa mara tano kwa siku, gauni litambana. Na kweli, usiku wa sita gauni halifungi, dada akakaa kitandani na kiwembe na sindano akafumua ule mshono akashona upya kwa mkono, dakika arobaini, likakaa kama lilivyotoka kwa fundi. Kwa hiyo mwambie fundi wa mama yako aache akiba.

Dera abebe, ni zuri la chumbani na la kwenye bafe asubuhi, ila kwa dinner ya ukumbini hapana, hata siku zisizo rasmi. Khanga vilevile. Mtandio mzito ni lazima, kiyoyozi cha ule ukumbi ni baridi kweli hata kama nje mnaungua, mama alikuwa anajifunika mpaka mabega. Viatu vya mchuchumio asithubutu kama hajazoea, meli kubwa haiyumbi sana lakini ikiyumba inakukuta kwenye ngazi na sahani mkononi. Vya chini vizuri vinatosha, gauni likiwa refu nani anaona.

Kuna mambo mawili hayaandikwi vizuri kwenye maelekezo na yalitukuta. La kwanza, mabegi makubwa mnayakabidhi bandarini yakiwa na lebo za namba ya chumba, yanapelekwa mpaka mlangoni kwenu, ila yanaweza kufika usiku. Sisi yetu yalifika dinner imeisha. Usiku wa kwanza kwa kawaida si rasmi na hamna aliyetusema, ila mama alikaa mezani na sweta la safari la tangu jana yake na hakufurahi, hakula vizuri. Kwa hiyo kwenye begi la mkononi waweke shati moja la mzee, suruali, gauni moja la mama lisilojikunja, na dawa zao.

La pili ni pasi. Meli haziruhusu pasi vyumbani, ni hatari ya moto. Nilibeba kapasi kadogo ka safari, mashine ya ukaguzi ikakaona, wakakachukua wakanipa karatasi, nikarudishiwa siku ya kushuka. Sasa kanzu ya pamba imekaa kwenye begi siku sita unajua inavyokuwa. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi abiria wanajipigia wenyewe, yetu haikuwa nacho, kufulisha kwao unalipia na bei si ya Ujiji. Nikaitundika bafuni, nikafungulia maji ya moto kama dakika kumi na mlango nimefunga, mvuke ukainyoosha, mikunjo ya kifuani tu ndo ilibaki na koti likaifunika. Kama mzee anaenda na kanzu, achague ya poliesta au mchanganyiko, pamba tupu itamsumbua.

Na kama siku ikifika mzee amechoka, hataki hata kusikia neno suti, kwa meli nyingi bafe iko wazi usiku huohuo rasmi, wanakula na shati la kawaida na hamna wa kuwauliza. Hiyo mwambie mapema, roho yake itatulia. Wapiga picha watakuwepo kwenye ngazi usiku huo, kupigwa ni bure, kuchukua ndo unalipa, na si kidogo, ila moja wachukue. Yetu iko sebuleni Ujiji, mama katikati.

Niseme na hili kwa sababu mzee wako anaogopa ugeni. Usiku ule wa kwanza mama ananung'unika na sweta lake, tunapanda ngazi nikaona kibao cha shaba ukutani kimeandikwa Meyer Werft, Papenburg. Nikasimama. Hicho ndo kiwanda kilichounda Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli mpaka Dar, kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya hapahapa ikashushwa ziwani 1915. Nikamwambia mama, hii meli imezaliwa nyumba moja na Liemba. Akaweka kiganja kwenye kile kibao. Yeye akiwa binti alipanda Liemba mpaka Kasanga kwa mama yake mdogo, na bibi alimkataza kuvaa gauni jipya njiani, alikaa nalo kwenye kikapu siku zote hizo mpaka Kasanga inaonekana ndo akaruhusiwa kulivaa, ashuke nalo. Akaniambia, "Kwani hata sisi tulikuwa na nguo ya meli mwanangu, nimesahau tu." Kuanzia hapo hakuuliza tena kama amevaa sawa.

Mzee wa Tabora si mgeni wa mambo haya, amepokea wageni, ameozesha, amekaa meza za mbele, anajua kujiheshimu kwa nguo. Mpe simu asome hii mwenyewe. Halafu niambie kampuni ni ipi, safari ni tarehe ngapi, na nguo gani nzuri anayo kabatini sahizi, kama ni suti piga picha uiweke hapa tuione urefu wa suruali, manake kama ni ya kurekebishwa fundi anahitaji wiki mbili na mwisho wa mwaka wanajaza oda za harusi.