Kabla hujanunua diski ya tano

Mimi ni mpiga video wa harusi. Ni kazi unayoingia ukidhani mtaji ni kamera, kisha baada ya misimu miwili mitatu unagundua pesa yote inaishia kwenye diski. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Weka kamera tatu ukumbini kwa saa nne za shughuli: gigabaiti 540. Hiyo ni harusi peke yake. Sendofu na kicheni pati bado, na siku hizi nani anaolewa bila hivyo?

Kwa miaka sita nilikuwa mtu wa eksteno. Kila harusi mbili, eksteno moja, juu yake nimebandika karatasi yenye majina ya maharusi. Zilijaa droo mbili. Mteja anapiga simu mwaka wa pili baada ya ndoa: "Kaka, samahani, flashi yetu mtoto kaitumbukiza kwenye maji, ile video bado unayo?" Naanza kuchomeka moja baada ya nyingine. Siku moja eksteno ikajibu kwa sauti ya tik, tik, tik. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo anajua tumbo linavyokaza.

Leo nina seva moja, yaani kompyuta ya kutunzia mafaili inayowaka mchana na usiku, ya diski 12 kwenye korido ya nyumba yangu, Tabata. Inafanya kazi vizuri, lakini nilifika hapo kwa kupoteza pesa, na kosa la msingi lilikuwa moja: nilidhani kuongeza diski ni kuongeza diski tu. Mpaka diski nne, hiyo bado ni kompyuta ya kawaida. Ya tano inakuja na mahitaji yake: pawa saplai nyingine, kadi, feni, kasha, na bili.

Watu wakiniuliza, huanza na swali la diski ipi ni nzuri. Mimi huanza na umeme.

Diski ya inchi 3.5 ikishakuwa kwenye mwendo hula wati 5 hadi 8, si kitu. Tatizo ni zile sekunde za mwanzo, inapojisukuma kutoka kusimama hadi mizunguko 7,200 kwa dakika. Hapo huvuta kama ampia 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24. Diski 12 zikiamka pamoja ni wati 288, na prosesa bado haijadai chake. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mtumba yenye pawa saplai ya wati 240. Kwa diski nne ilienda kama maji. Nilipofika ya saba ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nilibadilisha ramu. Nikalaumu mazabodi. Nikaibeba mpaka kwa fundi, naye akaiwasha bila diski, ikawaka vizuri, akanitazama kama nimekwenda kumpotezea muda. Wiki nzima ilipita kabla sijaelewa kuwa mashine ilikuwa inaishiwa pumzi tu. Kwa hiyo usitazame wati za jumla zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Soma ile lebo ndogo ubavuni, mstari wa volti 12, ujue ina ampia ngapi.

Na vile vijiwaya vya kugawa umeme kwenda kwenye diski nyingi: vipo ambavyo kichwa chake kimemwagiwa plastiki nzima nyaya zikiwa ndani. Nyaya zikigusana humo ndani plastiki inayeyuka, na mara nyingine inashika moto. Chukua vyenye kichwa cha kubana, ambacho unaona kwa macho kila waya umekaa kwenye mfereji wake. Tofauti ya bei haifiki sahani ya chipsi.

Kisha kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mashine yangu hula wastani wa wati 100 mchana na usiku. Hizo ni uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Kwa anayepata uniti 28 na ushee kwa shilingi 10,000, ni karibu shilingi 25,600 kila mwezi. Na kama uko kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, seva peke yake imemaliza karibu fungu lote kabla hujawasha taa. Mke wangu ndiye anayenunua umeme, na aliligundua kabla yangu: "Baba Nasra, hiki kidude chako kinakula kuliko friji." Nilibisha, nikapima, nikanyamaza.

Ndiyo maana nikianza leo sitanunua diski 12 za terabaiti 8. Nitanunua 6 za terabaiti 16. Ukubwa ni ule ule, umeme wa diski ni nusu, joto nusu, nyaya nusu. Diski kubwa moja inauma mfukoni siku ya kununua, ndogo mbili zinauma kila mwezi.

UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, si ya kuifanya seva iendelee kuwaka. Ni ya kuipa muda wa kuzima kwa adabu. Yangu ya VA 1,000, betri ikiwa mpya, hunipa kama dakika 20, na umeme ukikatika kwetu mara chache unarudi ndani ya dakika 20. Nyuma yake kuna tundu la USB ambalo karibu kila mtu huliacha wazi. Lichomeke kwenye seva, weka programu ya NUT, inayosoma hali ya UPS, iamuru izime mashine betri ikifika nusu. Mimi nilikaa na UPS miaka miwili bila waya huo. Kazi yake ilikuwa kuahirisha kifo kwa dakika 20. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ndio ulionifundisha. Jambo jingine: usiiweke mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Umeme ukirudi mara nyingi hujaribu, ukakatika, ukarudi tena, na diski 12 hazipendi mchezo huo. Ngoja robo saa, iwashe kwa mkono.

Sasa joto. Kasha la kwanza nilitengenezewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, na kwa kweli lilipendeza. Nilimwambia aache nafasi ya unene wa kidole kati ya diski na diski, yeye akaona ni ufujaji, akazibananisha. Februari ile diski za katikati zilifika nyuzi 57. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa salama. Karatasi haikai Dar es Salaam. Sasa sikubali zipite 45: feni tatu za milimita 120 mbele, zinavuta hewa ipite katikati ya diski, na kila upenyo mwingine nimeuziba ili hewa isipate njia ya mkato.

Mbele ya feni nimefunga kipande cha chandarua. Kinazuia vumbi jingi, na kinazuia wageni. Sicheki ninaposema wageni. Pawa saplai yangu ya pili iliungua kwa sababu mjusi alikwenda kulala humo kutafuta joto. Sisimizi nao walijenga kwenye UPS. Kama unakaa karibu na bahari, ongeza chumvi kwenye orodha ya maadui: futa vichwa vya nyaya, viangalie kutu kila baada ya miezi michache, na usiiweke seva kwenye dirisha linaloelekea upepo wa pwani.

Tukija kwenye diski zenyewe, jambo la kwanza kuuliza ni kama ni CMR au SMR, njia mbili za kupanga data kwenye diski. CMR huweka kila safu mahali pake, haimlalii mwenzake. SMR hupanga data kama makuti ya paa, kila safu imelalia mwenzake. Kusoma hakuna shida. Lakini ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima uinue ya juu yake na kuyarudisha, kwa hiyo uandishi mrefu unakuwa wa kobe. Kwa filamu za watoto zinazowekwa mara moja zikaachwa, SMR inavumilika. Kwa kundi la diski ambalo siku moja litalazimika kufufua diski iliyokufa, kaa mbali nayo.

Nyingi za kwangu ni za mtumba, zilizotoka kwenye seva za makampuni, zikapitia Dubai hadi Kariakoo. Sizionei aibu. Ila siziamini mpaka zithibitishe. Nikifika nayo nyumbani nasoma kumbukumbu zake za SMART, zile diski inazojiandikia kuhusu afya yake: saa ilizofanya kazi, kisha namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu. Yoyote kati ya hizo tatu ikiwa si sifuri, diski inarudi dukani siku hiyo hiyo. Namba 199, ya makosa ya mawasiliano, ikipanda, mara nyingi lawama ni ya waya, si ya diski. Baadaye naiandika na kuisoma yote kwa badblocks, programu ya kukagua diski. Diski ya terabaiti 8 huchukua siku nne au zaidi. Muuzaji ananiona msumbufu, lakini tumekubaliana tangu mwanzo kuwa napewa wiki moja ya kujaribu. Asiyekubali sharti hilo sinunui kwake.

Kuna diski za seva ambazo ukizichomeka kwenye pawa saplai ya kawaida haziamki kabisa. Hazijafa. Pini ya tatu ya kichwa cha umeme ikipata volti 3.3 huielewa kama amri ya kuzima. Ukiifunika pini hiyo kwa utepe mwembamba usiopitisha umeme, inaamka. Nilizipata mbili kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo. Na ukiona eksteno ndogo kama kiberiti inayodai kubeba terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana, ndani kuna kadi ndogo ya simu iliyofundishwa kusema uongo.

Mazabodi nyingi zina matundu manne au sita ya SATA, yale ya kuchomekea diski. Zaidi ya hapo nunua kadi ya mtumba ya aina ya LSI 9211-8i iliyowekwa programu ya IT, inayoziacha diski zionekane zilivyo. Inabeba 8, na inachemka, kwa hiyo ipe feni yake. Kadi za kuficha diski nyuma ya RAID yake yenyewe, yaani zinazozifunga diski nyingi zionekane moja, siziwezi: siku ikifa utazunguka mji mzima ukitafuta pacha wake.

Upangaji, yaani programu ya kuziunganisha diski: ZFS ni kitu imara, na anayehariri moja kwa moja kutoka kwenye seva aitumie. Kumbukumbu za harusi hazibadiliki zikishawekwa, kwa hiyo nilichagua SnapRAID, inayotunza hesabu ya kufufulia, na mergerfs, inayozionyesha diski zote kama folda moja. Diski 10 zina video, 2 zina pariti, ile hesabu ya kufufulia nyingine. Kila diski inasomeka peke yake hata ukiichomoa ukaipeleka kwa jirani, na nikitaka faili moja siamshi diski zote 12. Napata terabaiti 80, ingawa kompyuta inaonyesha 72 na kidogo. Usimgombeze muuzaji, yeye anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Na usinunue zote duka moja siku moja. Zilizozaliwa pamoja hupenda kufa karibu karibu, na kufufua terabaiti 8 huchukua zaidi ya nusu siku, nyingine zote zikifanya kazi ngumu kuliko kawaida.

Kwa sebuleni nimeweka Jellyfin, programu ya kurushia video za seva kwenye runinga; watoto wanaangalia katuni na harusi ya mama yao kwenye runinga bila kula bando. Hilo halikunipa shida yoyote.

Iliyonipa shida ni kujiamini. Nilikuwa na diski mbili za pariti, kwa hiyo diski mbili zingeweza kufa kwa pamoja nisipoteze kitu. Nilijisifu hata kwa wenzangu. Kila saa nane usiku kompyuta ya kuhariria ilinakili folda ya kazi za mwaka kwenda kwenye seva kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kwa amri ya kufuta kwenye seva chochote ambacho hakipo tena kwenye kompyuta. Saa kumi SnapRAID inapiga pariti upya. Usiku mmoja diski ya kompyuta ikafa. Folda ikabaki jina tu, tupu. Saa nane rsync ikaona tupu, ikatii, ikafuta mwaka mzima kwenye seva. Saa kumi SnapRAID ikathibitisha kuwa ndivyo mambo yalivyo. Asubuhi diski zote 12 zilikuwa nzima na zenye afya njema.

Kilichoniokoa ni diski mbili zilizokuwa kabatini kwa shemeji yangu, Morogoro, ambako miezi miwili nyuma nilipeleka filamu zilizokamilika. Harusi moja niliipata kwenye kadi za kamera nilizochelewa kuzifuta. Sendofu moja haikupatikana popote. Nilikwenda kwa familia ile mwenyewe, sikupiga simu, nikarudisha pesa yote. Mama mzazi wa binti alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekunywa chai. Ningependa angenifokea.

Siku hizi hati yangu ya amri za kunakili hutafuta kwanza faili moja ndogo ndani ya folda. Isipoiona, haigusi kitu. Nimeweka pia --max-delete, kikomo cha faili ambazo rsync inaruhusiwa kufuta, na SnapRAID haipigi pariti kama zimefutwa faili nyingi kuliko kawaida. Mkataba na wateja una mstari mpya: picha ghafi natunza miezi 12, baada ya hapo nafuta. Mstari huo umeniokolea nafasi kuliko diski yoyote niliyonunua, na filamu zilizokamilika, ambazo kila moja haizidi sana gigabaiti 60, zinaenea kwenye diski chache za kubebeka.

Kila miezi mitatu nazifunga kwenye kanga, naziweka kwenye begi la mgongoni ambalo nalipakata magotini, napanda treni ya SGR kwenda Morogoro. Naacha mbili, narudi na mbili. Shemeji hataki malipo; anataka harusi yake ya 2014, iliyopigwa kabla sijanunua seva, na ile bado naitafuta kwenye droo.