Usifunge demani, yakhe: kwa anayetaka kwenda Mtwapa na watoto

Nimesoma swali lako nikaacha chai ipoe. Umenunua yoti ya futi 23, unataka kuitoa Bandari ya Kale ya Mombasa Jumamosi hii kwenda Mtwapa na mkeo na watoto. Umeuliza nanga gani inashika vizuri, rangi gani ipakwe chini isiote majani, kama ununue tanga kubwa la mbele, na mwisho kabisa, kwa mstari mmoja, ukipigwa na upepo wa ghafla ufanye nini. Halafu ukatia na kauli ya aliyekuuzia: upepo wa kusi utakuwa nyuma yako njia nzima, kwa hivyo funga demani, ile kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga, shika usukani, starehe. Mkuku mzito, ule uti wa chini ya chombo, utakiweka wima wenyewe.

Yakhe, usifunge hiyo demani.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na mtu niliyemlipa pesa zangu anifundishe. Simtaji, maana bado yupo mjini na bado anauza. Alikuwa na miwani ya jua ya bei na jibu la kila kitu. Upepo ukizidi je? "Hii ina mkuku wa risasi, haipinduki." Mkono ukichoka? "Funga, unywe soda." Nikafunga. Fundo zuri kabisa, mizunguko miwili na kitanzi, nikajiona baharia wa kuzaliwa.

Ulikuwa mwezi wa saba, kama sasa. Tukaiacha Fort Jesus nyuma, tukatoka mlango wa bandari, tukageuza omo, mbele ya chombo, kaskazini. Hapo ndipo bahari inapoanza kukudanganya, na hapa nataka usome polepole. Ukienda joshi upepo unakupiga usoni, nguvu zake unazijua. Ukienda nao, unaukimbia. Upepo wa tezi, yaani wa nyuma, wa maili 17 za bahari kwa saa, na chombo kinakwenda maili 5, wewe unahisi 12 tu. Unavua shati, unasema leo shwari. Na nguvu ya upepo kwenye tanga haipandi sawa na kasi yake, inapanda kwa mraba: kutoka maili 12 mpaka 17 wewe unaona tofauti ndogo, tanga linabeba mzigo mara mbili. Kwa hivyo siku unayodhani ni ya kupumzika, chombo kikisimama au kikigeukia upepo tu, mlingoti wako unapata mzigo huo wote.

Nyuma yetu, kusini, kulikuwa na wingu na chini yake pazia la kijivu la mvua. Nililiona. Nikawaza, ikifika tutavaa makoti. Sikujua kwamba upepo hutangulia: hewa baridi inaporomoka kutoka kwenye wingu, inagonga maji, inasambaa mbele ya mvua yenyewe. Ukingoja tone la kwanza ndipo ujitayarishe, umeshachelewa. Kwanza nilihisi ubaridi kisogoni. Nikageuka, maji nyuma yetu yamekuwa meusi, yamekunjamana, na weusi ule unatembea. Na upande wa mwamba kulikuwa na ngalawa mbili za wavuvi, zote zimeshateremsha tanga. Nikasema kwa sauti, shemeji yangu ni shahidi: "Hawa nao wameshindwa na nini?"

Yoti ikalala upande wa kushoto, upande wa pwani. Nikavuta kana, mkono wa usukani, kwa mikono miwili, haikujibu, kwa sababu chombo kikilala sana shikio, ule ubao wa usukani, linatoka nusu majini, unabaki unapalia hewa. Omo likageuka lenyewe kuelekea baharini, tukawa ubavu kwa mawimbi. Dawa ya hapo kila mtu anaijua: achilia demani, tanga limwage upepo, chombo kiinuke. Nikaishika. Fundo limelowa, limekazwa na uzito wa tanga zima, nami nalikuna kwa kucha. Kisu kipo begini, begi lipo kijumbani, kijumbani mna maji. Wavuvi wanapiga kelele, "Wata demani! Wata!", yaani iachilie. Nami nawajibu, sijui kwa nini, "Nimefunga!" Sijui nilitaka wanipongeze.

Mkuku wa risasi ulifanya kazi yake, siusingizii. Haukutuacha tupinduke juu chini. Lakini mkuku hauzibi mlango, na mlango wa kijumba ulikuwa wazi kwa sababu shemeji yumo ndani anatafuta vijiko. Maji yakaingia kwa mlango huo, sufuria ya pilau ikatoka kwa mlango huo huo, tukabadilishana. Shemeji asiyejua kuogelea akachomoka mwenyewe, jaketi okozi zote zikiwa chini ya kiti ndani ya nailoni yake ya dukani, na vijiko kavishika mkononi. Hatukupoteza kijiko hata kimoja. Ndiyo faida niliyoipata siku ile.

Kilichotuokoa ni tanga kupasuka, kutoka kwenye dasi, kamba ya ukingoni mwake, mpaka katikati. Upepo ukapata pa kupita, chombo kikainuka. Tanga lilikuwa na akili kuliko nahodha. Hesabu yake: tanga jipya, mti wa chini ya tanga uliopinda, mashine iliyokunywa maji ya chumvi isiwake tena, simu za watu. Wavuvi walitufunga kamba wakatuvuta, na njia nzima wananihubiria, nami kimya nafua maji. Nilipompigia yule bwana wa miwani kumweleza, aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulifunga fundo gani?" Fundo gani! Mtu anakufundisha kujifunga halafu anataka kukosoa kamba. Na sasa naona kakuuzia na wewe, au kama si yeye basi ni pacha wake.

Demani inashikwa mkononi. Kama yoti yako ina yale meno ya kubana kamba, yatumie, mradi ichomoke kwa mvuto mmoja, na hilo lijaribu ukiwa bado gatini, kamba imelowa. Au izungushe mara moja kwenye kigingi, ncha ibaki kwako. Fundo, hapana, hata la "dakika moja tu nichukue simu". Ukiwa na shughuli nyingine, mpe mtu mzima aishike, na umwonyeshe kwanza kuachilia, kuvuta atajifunza baadaye. Mtoto asiikalie, asiisimamie. Kisu kikae kiunoni mwako kwa kamba, si begini.

Utaniambia mkono unachoka. Ndiyo, uchoke! Mkono ndio kipimo chako. Kama huwezi kuishika demani bila kufunga, basi tanga ulilopandisha ni kubwa kuliko upepo wa siku ile, na dawa yake ni kupunguza tanga. Na tanga hupunguzwa gatini, mikono mikavu, watoto wanakula mahamri. Nje ukianza kujiuliza kama wakati umefika, wakati umepita. Kulikunjua baadaye ukiona upepo mdogo ni kazi ya dakika chache na hakuna anayezama kwa kwenda polepole. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa ilani ya upepo wa kupita maili 25, usipunguze kitu, nenda kale mishikaki Mama Ngina.

Likija pigo lenyewe ukiwa unaenda joshi, legeza demani kidogo kidogo mpaka chombo kiinuke, na uiache omo ipande kuelekea upepo taratibu. Ukiwa unakwenda nao, kama utakavyokuwa wewe, mambo ni kinyume: ukiruhusu omo ipande, chombo kinageuka ubavu na ndipo kinapolala. Demani nje, kana ishike mapema kabla shikio halijatoka majini, omo ibaki mbali na upepo. Lakini usizidishe mpaka upepo uingie nyuma ya tanga upande wa pili, maana ule mti utavuka na kupita hapo alipo kichwa cha mkeo. Na ile kamba fupi inayovuta mti chini, nayo iachilie. Ukiisahau, ncha ya mti inachota maji na tanga halimwagi upepo hata demani ikiwa huru. Hilo sikuambiwa na mwalimu, niliambiwa na wavuvi, bure, huku wananivuta.

Mlango wa kijumba ufungwe mkiwa safarini, vijiko vitatafutwa Mtwapa. Jaketi okozi zivaliwe kabla kamba haijafunguliwa gatini, na ya mtoto iwe saizi ya mtoto. Tena angalia maji siku hiyo. Zikiwa siku za bamvu, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, usitoke mlango wa bandari maji yakitoka kwa nguvu, kwa sababu kusi inaingia yakitoka na mawimbi yanasimama wima pale. Ngoja maji yatulie.

Na kurudi umefikiria? Kwenda umebebwa na kusi. Kurudi utakuwa unabisha, yaani unakwenda mshazari huku na huku dhidi yake, na watoto wamechoka, alasiri, wakati ambapo hukaza. Wengi wanapanga kwenda tu. Iache yoti Mtwapa, familia irudi kwa matatu, wewe uifuate asubuhi mtulivu ukiwa na mtu anayejua. Si aibu, nimefanya.

Tanga kubwa la mbele usinunue. La kazi gani, na lile dogo hujawahi kulipunguza? Pesa hiyo nunua jaketi za watoto, na kamba nzuri ya demani, nene, isiyokata kiganja, maana utaishika kutwa.