Kabla ya kutangaza jenasi mpya ya kaa wa kina kirefu

Ndugu, umeeleza kwamba unao kaa watatu wanaojihifadhi ndani ya makombe ya konokono, waliovuliwa kwenye kina cha mita 600, na unauliza kama tofauti zao zinatosha kuwaundia jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi zinazokaribiana.

Ukubwa wa gando na rangi havitoshi, kwani rangi hufifia mapema ndani ya spiriti. Tazama kwanza kama vimiguu vya tatu vya mdomoni vimeachana kwenye mashina yake, jambo linalotenganisha Paguridae na Diogenidae, familia mbili za kaa hawa, kisha hesabu matamvua, yaani viungo vya kupumulia, na uchunguze umbo lake. Mgeuze dume chali chini ya hadubini, usogeze kwa sindano manyoya yaliyo kwenye shina la mguu wa tano, uone kama pana mrija wa uzazi, uko upande gani na una urefu gani. Jenasi nyingi za Paguridae zimetenganishwa hapo. Kama wote watatu ni majike, ningesubiri, hata kama kusubiri kunakera.

Kombe livunjwe taratibu kwa jiliwa, maana tumbo la kaa hawa ni laini na hukatika upesi.

Kuhusu jina, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai kwamba jenasi yoyote iliyotangazwa baada ya 1930 itajiwe spishi yake ya msingi, yaani ile inayobeba jina la jenasi. Na ukichapisha kwa njia ya kielektroniki pekee, lazima kazi iandikishwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na namba ya uandikishaji ionekane ndani yake.