Kaka wa kwaya huanguka mbalamwezi ikiingia

SWALI: Shikamoo mama. Kwaya yetu hapa Kigoma ina kaka mmoja wa besi, mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Siku za giza yuko ziwani usiku kucha na hagusi pombe. Mbalamwezi ikiingia na mitumbwi ikakaa pwani, anakunywa gongo mpaka anaokotwa njiani. Majuzi alikuja kwetu akatueleza mimi na mume wangu kwa machozi, akaomba tumwombee. Nami nikamwambia dada mmoja wa kwaya, eti tuombe pamoja. Siku tatu hazikupita, kwaya nzima inajua. Sasa viongozi wanataka asimamishwe mbele ya kanisa, naye akiniona anapita mbali. Nifanye nini?
Dada wa Gungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na lako. Alichokuletea kilikuwa amana. Nenda na mumeo ukamwambie, "Nilitoa siri yako, nisamehe," ukomee hapo. Usimweleze kwamba nia yako ilikuwa njema. Nami niliwahi kumsengenya mama mmoja kwa jina la maombi, akaacha ibada mwaka mzima. Mpaka leo linaniuma.

Sasa yeye. Wagalatia 6:1 inasema aliyeghafilika "mrejezeni upya" kwa roho ya upole. Kwa Kigiriki, kitenzi hicho ndicho kilichotumika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu. Wewe umekulia kando ya ziwa. Umeona nani akitupa wavu mzima kwa sababu ya tundu moja? Watu hukaa mchangani wawili watatu, huyu ameshika, yule anashona, na hawavuti kwa nguvu, maana tundu litapanuka. Na wavuvi hushona nyavu lini? Mbalamwezi hiyohiyo, siku anazoanguka ndugu yenu!

Basi mumeo asingoje kumwokota. Mwezi ukianza kujaa amfuate mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, wakae washone wote. Jioni ale kwenu, kwa sababu saa za jioni ndizo ngumu. Pesa ya mgawo, akikubali mwenyewe, ipitie kwa mkewe.

Jambo moja msilichezee: kama mikono humtetemeka asipokunywa, msimwambie aache ghafla kwa imani. Aliyezoea kunywa sana akikata mara moja anaweza kupata degedege, hata kufa. Mpelekeni kwanza hospitali ya Maweni, mkiomba njiani.

Viongozi wenu nao wasome Mathayo 18:15. Bwana anaanza na "wewe na yeye peke yenu". Waulize kwa heshima ni nani kati yao amekwisha kufika nyumbani kwake. Kama hakuna, hatua ya kwanza bado, na ya kanisa zima wataifikiaje? Tena huyu hakufumaniwa, alikuja mwenyewe. Sisemi aachwe tu. Akija zoezini amelewa asiimbe siku hiyo, asindikizwe nyumbani kwa staha, na kesho yake aulizwe hali.

Ataanguka tena, pengine mwezi ujao tu. Mumeo asikasirike wala asimhubirie akiwa bado na pombe kichwani. Asubuhi ampelekee uji, kisha warudi wote mchangani kwenye nyavu.