Maswali ya Saa Kwenye Mitihani ya Mchujo: Anza na Mshale Mfupi

Ukitafuta kazi Nairobi siku hizi, hasa benki au kampuni kubwa, usishangae ukikalishwa mtihani wa mchujo kabla ya kuitwa kwenye usaili. Kuna asilimia, kuna mifuatano ya tarakimu, na mara kwa mara linachomoza swali la saa: pembe kati ya mishale ni digrii ngapi, mishale inakutana wakati gani, saa inayokimbia imeonyesha nini. Mitihani ya namna hii nimeifanya mwenyewe, na sasa wikendi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu Umoja tukijifua pamoja. Ushauri wangu kwao ni huu: fomyula za kwenye vijitabu ziweke kando kwanza. Hakikisha umeshika kwamba mshale mfupi nao unatembea.

Muulize mtu yeyote pembe ya 3:30. Wengi watakujibu 90 bila kufikiri mara mbili, kwa sababu wanaona mshale mrefu uko kwenye 6 na mfupi kwenye 3. Lakini saa imefika nusu! Mshale mfupi umeshatoka kwenye 3, uko katikati ya 3 na 4. Jibu ni 75.

Kama jambo hili bado halijakuingia, kitabu hakitakusaidia sana. Nunua saa ya ukutani ya bei rahisi pale Kamukunji, utoe betri, uishike mbele ya macho yako, kisha kwa kidole uzungushe kile kigurudumu cha nyuma cha kurekebishia. Polepole. Anzia 3 kamili. Mshale mrefu utapita 1, utapita 2, na ule mfupi utadhani umesimama. Mrefu ukifika 6, tazama tena mfupi uko wapi. Zungusha hadi mrefu urudi 12, na mfupi utakuwa umetua kwenye 4 sawasawa. Rudia hadi uweze kufumba macho na kusema mshale mfupi uko wapi saa ikiwa 7:20 au 10:50. Nimeona vijana waliokuwa wakikwama kabisa wakianza kujibu vizuri baada ya zoezi hili moja, na ndiyo maana nalisisitiza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mzunguko mzima ni digrii 360, na kutoka namba moja hadi inayofuata ni digrii 30. Mshale mrefu unakwenda digrii 6 kila dakika, mfupi nusu digrii. Chukua 3:40. Mfupi umetoka 12 ukafika 3, hizo ni 90, ukaongeza nusu digrii kwa dakika 40, yaani 20. Jumla 110. Mrefu uko kwenye 8, yaani 240. Toa: 130. Ukipata zaidi ya 180, itoe kwenye 360, kwa maana kwa kawaida wanataka pembe ndogo.

Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Saa 3:40 mchana sisi tunaiita saa tisa na dakika arobaini. Macho yanasoma 3, kichwa kinasema tisa, na ukiwa na haraka mkono utachora mshale mfupi upande wa 9. Ukifanya hivyo, mshale huo umeuvusha hadi upande wa pili wa uso wa saa, digrii 180 kamili, na jibu lako litakuwa kile kinachobaki ukiondoa jibu sahihi kwenye 180. Kwa mfano wetu utapata 50 badala ya 130. Hesabu yako yote itakuwa safi, na kama 50 imo kwenye machaguo hutakuwa na sababu ya kuishuku. Kwa hivyo ukiwa ndani ya mtihani, soma tarakimu kama zilivyoandikwa: tatu arobaini, saba ishirini. Ukipita karibu na Bunge, ule mnara wake wa saa ni mahali pazuri pa kujizoeza. Utazame na useme mishale iko kwenye namba gani, kabla ya kusema ni saa ngapi.

Maswali ya kukutana ndiyo ninayoyapenda zaidi. Fikiria bodaboda inayofukuza mkokoteni: huulizi mkokoteni uko wapi tu, unauliza bodaboda inaukaribia kwa kasi gani. Kila dakika mshale mrefu unaukaribia mfupi kwa digrii 5 na nusu, yaani 6 ukitoa nusu. Namba hiyo ndiyo inayobeba maswali yote ya aina hii. Mishale itakutana lini kati ya 4 na 5? Saa ikiwa 4:00 mfupi uko mbele kwa digrii 120. Gawa 120 kwa 5 na nusu. Bila kikokotoo, zidisha mara 2 halafu ugawe kwa 11: 240 kwa 11 ni dakika 21 na 9/11. Anayeandika dakika 20 amesahau kwamba mkokoteni nao haukusimama.

Je, lini itakuwa pembe mraba katika saa hiyo hiyo? Mrefu lazima ubaki nyuma kwa 90 au utangulie kwa 90. Mara ya kwanza unahitaji kufidia 30 tu, yaani dakika 5 na 5/11. Mara ya pili unafidia 120 na kuongeza 90, jumla 210, yaani dakika 38 na 2/11. Majibu ni mawili, na swali likisema "mara ya kwanza" au "mara ya pili", maneno hayo yapigie mstari.

Kutokana na hapo utaelewa pia kwa nini mishale hukutana mara 22 kwa siku. Ndani ya saa 12 mrefu unazunguka mara 12, mfupi mara 1, kwa hivyo mrefu unaupita mfupi mara 11. Kila unapoupita na kuurudia, pembe mraba inatokea mara 2. Hizo ni 22 kwa saa 12, na 44 kwa siku. Kunyooka, yaani kutazamana kwa digrii 180, ni mara 22 kwa siku.

Saa ya kwenye kioo ni nyepesi. Kijana mmoja wa kundi letu aliielewa akiwa kwa kinyozi. Saa ilikuwa ukutani nyuma yake, na kwenye kioo ilionekana kama 8:20 ilhali alijua ni 3:40. Alijumlisha zile mbili hapo hapo kitini, akapata 11:60, na jioni alitueleza kwa msisimko mkubwa. Ndiyo kanuni yenyewe: toa unachokiona kwenye 11:60. Kioo kikionyesha 12 na dakika kadhaa, tumia 23:60. Kwa hivyo 12:35 ya kioo ni 11:25.

Saa mbovu zinahitaji utulivu zaidi. Wengi wetu tulikutana nazo kwenye KCPE, kabla mtihani huo haujafanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na bado zinasumbua watu wazima. Saa inakimbia dakika 5 kila saa. Imewekwa sawa saa mbili asubuhi, 8:00. Sasa inaonyesha 2:30 mchana. Wakati halisi ni upi? Njia inayovutia ni kuhesabu saa 6 na nusu, kuzidisha kwa 5, kisha kutoa dakika 32 na nusu. Siyo. Zile saa 6 na nusu ni za saa mbovu. Dakika 65 zake ni dakika 60 za kweli. Imeonyesha dakika 390. Gawa kwa 65 upate 6. Zimepita saa 6, kwa hivyo ni 2:00, saa nane kamili. Kabla hujaandika chochote, jiulize: dakika nilizopewa ni za saa ipi?

Siku ya mtihani, swali la saa likija, chora duara dogo pembeni, uweke 12, 3, 6 na 9, kisha mshale mfupi kwanza. Swali likiwa la kukutana, la pembe mraba au la kunyooka, angalia machaguo: sehemu ya dakika, kama ipo, lazima iwe ya 11. Chaguo lenye dakika 21 na nusu au 21 na 3/7 lifute papo hapo. Mara nyingine yanabaki mawili tu, na ule mchoro wako unatosha kukuonyesha lipi liko upande usiofaa.