Re: Sanamu ya Blender kuwa ya bronzi, inawezekana?

Ndugu, umeuliza kama sanamu uliyoichonga kwenye Blender (programu ya kompyuta ya kuchonga maumbo ya 3D) inaweza kusubiwa kwa bronzi, yaani kumiminwa kwa bronzi iliyoyeyushwa. Inawezekana kabisa. Ichapishe kwa printa ya 3D, kwa plastiki ya PLA, ifunike kwa plasta inayohimili moto, kisha ichome tanurini: PLA inaungua na kuacha nafasi tupu ya kumiminia bronzi. Usisahau matundu ya kutolea hewa kwenye plasta. Ikuze kidogo kabla ya kuchapisha, takriban asilimia 2, maana bronzi hunywea ikipoa.

Kazi hasa ni ile mistari ambayo printa huiacha juu ya plastiki. Bronzi hainyamazii kitu, hunakili kila mstari. Kabla ya kuifunika kwa plasta, piga msasa, halafu pakaza nta laini uichonge upya kwa mkono, hasa kope na vidole. Kwa maoni yangu, bila hatua hiyo sanamu hubaki na sura ya kimashine.