Houston kwenda Des Moines: kampuni ya kuhamisha vyombo itafute kule unakokwenda

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Unahama Houston, Texas, kwenda Des Moines, Iowa, mwisho wa Mei, nyumba ya vyumba viwili, watoto wawili. Kuna kampuni imekupa bei ya dola 1,700 kwenye simu, na inataka dola 500 leo ili ikushikie nafasi. Tafadhali usiitume hiyo pesa kwanza. Soma hapa, kisha uamue mwenyewe.

Sisi tulihama Dallas kuja Des Moines Januari 2019. Baadaye nikafanya kazi ya kubeba vyombo majira mawili ya kiangazi kwenye kampuni moja ya hapa mjini, kwa hiyo jambo hili nimeliona nikiwa mwenye mzigo, na nimeliona nikiwa na kochi mgongoni.

Sisi namba ya kampuni tuliipata mtandaoni. Mama mmoja mwenye sauti ya upole aliniuliza vitanda vingapi, makochi mangapi, maboksi kama mangapi. Hata dakika kumi hazikuisha akanipa bei: dola 1,850. Nikatuma 600 ya kianzio. Siku ya kupakia likaja gari la kukodi, na vijana wenyewe walitoka kampuni yenye jina ambalo sijawahi kulisikia. Msimamizi wao akazunguka chumba hadi chumba, akasema mzigo umezidi, bei sasa ni 3,900. Nikampigia yule mama. Akanijibu kwamba wao ni madalali, kazi yao ilikuwa kunitafutia gari, na gari limekuja. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mwenye nyumba anataka funguo saa kumi jioni. Nikasaini kila karatasi niliyopewa.

Vyombo vilifika siku ya 17. Mwisho wa Januari ile baridi ya hapa ilishuka chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, na sisi tulikuwa tunalala juu ya zulia na makoti yetu. Mzigo ulipokuja nilitafuta boksi moja kabla ya mengine yote, lenye cherehani ya Singer ya marehemu mama. Nilikuwa nimeileta kutoka Tanga ndani ya begi, kichwa chake tu, bila meza. Niliifungua pale pale mlangoni. Mkono wake wa chuma ulikuwa umepasuka hadi chini kwenye shingo, na gurudumu halizunguki. Nilipodai fidia nikaambiwa nilisaini kinga ya senti 60 kwa kila paundi ya uzito. Cherehani ilikuwa na paundi 30. Piga hesabu: dola 18.

Hiyo ya senti 60 ni halali, dada, na ndiyo maana nakueleza. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka kampuni inayovusha vyombo kutoka jimbo moja kwenda jingine ikupe kinga za namna mbili. Ya kwanza ni ya thamani kamili: chombo kikivunjika au kupotea, wakitengeneze, walete kingine kama hicho, au walipe. Hii ina gharama, na ndiyo inayokuhusu mpaka wewe mwenyewe uikatae kwa maandishi. Ya pili haina malipo ya ziada, ndiyo ya senti 60 kwa paundi kwa kila kitu. Televisheni ya paundi 40 ni dola 24. Mimi niliikataa ile ya kwanza bila kujua, kwa saini moja niliyoweka nikiwa nimeegemea friji.

Sasa swali lako lenyewe, utampataje wa kweli. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usitafutie Houston, tafutia Des Moines.

Kwa kampuni kubwa za Texas mji huu ni mdogo. Mzigo wako wa vyumba viwili haujazi gari, kwa hiyo unawekwa ghalani ukisubiri wenzake wanaoelekea upande huu, unashushwa, unapakiwa tena, na kila kushushwa ni nafasi ya kitu kuvunjika. Lakini Des Moines iko pale barabara ya I-35 inapokutana na I-80. Zipo kampuni za hapa, na za vitongoji kama Ankeny, Urbandale na West Des Moines, ambazo magari yao hupeleka watu Texas halafu yanahitaji mzigo wa kurudi nao. Mwenye gari anayerudi nyumbani hataki kurudi mtupu. Ukimwambia una vyumba viwili Houston na tarehe zako zinaweza kusogea siku tatu nne, hapo mna la kuzungumza. Kampuni niliyofanyia kazi ilikuwa hivyo. Dereva aliyepakia Texas ndiye yule yule aliyeshusha Iowa, na kila kochi analijua.

Jambo la pili ambalo watu hawalifikirii ni kwamba kampuni ya mji huu ina mlango. Ukipata tatizo unaendesha dakika 20, unaingia ofisini kwao, unazungumza na mtu ana kwa ana. Katika mji wa watu kama laki mbili jina linasambaa haraka, na wenye kampuni wanalijua hilo. Yule dalali wangu hadi leo sijui alikuwa amekaa wapi.

Ukipiga simu, swali la kwanza kabisa: ninyi ndio wenye gari au ni madalali? Dalali anaruhusiwa kufanya kazi, lakini anatakiwa awe amesajiliwa, akueleze wazi kwamba yeye si mbebaji, na atumie wabebaji waliosajiliwa tu. Kisha omba namba yao ya USDOT, yaani namba ya usajili ya wizara ya uchukuzi ya Marekani. Kila kampuni inayovusha vyombo vya watu kati ya majimbo lazima iwe nayo. Ingia kwenye tovuti ya FMCSA, ile idara ya serikali inayosimamia malori, andika namba hiyo, uangalie mambo matatu: jina ni lile lile? Wana ruhusa ya kubeba vyombo vya nyumbani, au wameandikwa madalali? Bima yao iko hai? Kuna sehemu ya malalamiko pia, isome. Kazi yote haifiki robo saa. Nyota za mtandaoni mimi sizitegemei, maana kampuni ikiharibu jina hubadili jina. Mtu akikataa kukupa namba, mkatie simu.

Halafu lazima wavione vyombo. Siku hizi si lazima waje, wanaweza kuangalia kwa video ya simu wewe ukizunguka nayo. Fungua kila kabati, onyesha stoo, onyesha baiskeli za watoto na ile grili iliyoko barazani. Anayekupa bei bila kuona hajakupa bei. Sisi tumezoea nyumbani: unakwenda kijiweni, unamwonyesha mwenye kirikuu mzigo kwa mkono, mnapatana, safari. Pale mapatano yanashika kwa sababu mnatazamana na mzigo uko mbele yenu. Hapa kinachoshika ni karatasi.

Na karatasi zina aina. Makadirio ya bei yakiandikwa "binding", bei imefungwa: kwa vyombo vile vile na huduma zile zile, hawawezi kukudai zaidi wakifika. Yakiandikwa "non-binding", siku ya kushusha hawaruhusiwi kukulazimisha ulipe zaidi ya asilimia 110 ya makadirio, kilichobaki wanakuletea bili baadaye. Wakikuta vitu vilivyoongezeka, wanatakiwa waseme kabla ya kupakia, na muandike makadirio mapya. Wakishapakia bila karatasi mpya, ile ya zamani ndiyo inayosimama. Kama ningelijua hili pale Dallas, ningemwambia yule msimamizi aandike upya kipengele kwa kipengele tukihesabu pamoja, au asipakie hata boksi moja. Kuzuia vyombo vyako baada ya wewe kutoa malipo yanayoruhusiwa ni kosa, na unaweza kuripoti FMCSA.

Uliza pia malipo ya pembeni yawemo humo humo ndani ya makadirio: ngazi, umbali kutoka gari hadi mlangoni, na gari dogo endapo lori kubwa halitaingia kwenye nyumba zenu. Lipa kwa kadi ya mkopo ikiwezekana. Anayetaka kianzio kikubwa kwa Zelle, ile njia ya kutumiana pesa benki kwa benki, au kwa fedha taslimu tu, mwache.

Kuhusu tarehe: mwisho wa Mei ni wakati mgumu. Kuanzia Mei hadi Septemba kila mtu anahama, na mwisho wa mwezi mikataba ya nyumba inaisha kwa pamoja. Ukiweza kusogea hadi katikati ya mwezi, siku kama Jumanne au Jumatano, utapata watu wasiochoka na pengine bei nafuu. Shukuru tu kwamba si Januari. Niliwahi kushusha piano kwenye ngazi zenye barafu, tunamwaga chumvi kila baada ya hatua mbili.

Kama bei zote zitakushinda, iko njia ya katikati ambayo shemeji yangu aliitumia kutoka Dallas 2022, na ikaenda vizuri. Alikodi kontena la kuwekwa nje ya nyumba, akapakia kwa siku tatu bila haraka, kampuni ikalisafirisha, na huku tukakodi vijana wawili wa kushusha kwa saa. Uliza kwanza kama wenye nyumba wanakubali kontena likae kwenye maegesho. Kuendesha mwenyewe lori la kukodi, kama ya U-Haul, zaidi ya maili 900 ukiwa na watoto wawili, sikushauri.

Utasikia pia kuhusu ndugu zetu wa Kongo na Burundi hapa Des Moines, wapo wengi wanaozungumza Kiswahili, na baadhi wana magari ya kubebea. Kwa kushusha, au kuhama mtaa hadi mtaa, watakufaa sana, wengine ni rafiki zangu. Lakini kwa safari ya jimbo hadi jimbo, ndugu asiye na usajili wala bima usimpe, kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Siku ya kupakia, simama na mwenye karatasi. Wanaandika orodha, kila kitu na namba yake ya stika, na pembeni vifupisho. SC ni kimechubuka, BR ni kimevunjika. PBO ina maana umefunga mwenyewe, na kilichovunjika ndani ya boksi kama hilo ni vigumu kukidai. MCU ina maana hawajui kama mashine inafanya kazi. Cherehani yangu iliandikwa MCU, na mimi niliishonea pazia juzi yake. Ukiona kifupisho usichokubaliana nacho, andika lako kando yake kabla ya kusaini. Piga picha za kila kitu cha thamani, na hati, pasi za kusafiria na dhahabu usiziweke kwenye lori kabisa. Siku ya kushusha, weka alama orodha ile ile namba kwa namba, na kilichovunjika kiandikwe pale pale wao wakiwepo. Ukigundua baadaye, una miezi 9 ya kudai kwa maandishi.

Sasa hiyo kampuni ya dola 1,700. Waombe namba ya USDOT usiku huu na uiweke hapa chini kabla hujatuma hiyo 500. Niko macho hadi saa tano, nitaiangalia pamoja nawe. Kesho asubuhi nitakuandikia pembeni majina ya kampuni tatu za hapa ambazo nimeona kazi yao kwa macho yangu.